Bunduki ya Makoye Inafika Wapi

Kijiji kizima, kuanzia kisima cha juu mpaka barabara inayokwenda Kharumwa, kilikuwa kinaijua bunduki ya Makoye, na siyo kwamba watu waliiona sana ikifanya kazi. Waliijua kwa mdomo wa mwenyewe. Shotigani ya mtutu mmoja, ile ya kukunja katikati, kaachiwa na marehemu baba yake aliyekuwa mlinzi huko mjini. Kibali kipo, kila kitu kipo. Sasa jamaa akikaa kwenye kahawa, akienda msibani, hata akiwa kwenye foleni ya kusaga, stori ni moja tu. Kanga alikuwa ng'ambo ya korongo, nikamwambia wewe utakula karanga za watu mpaka lini, nikamtwanga, chali. Watu wanacheka, wanasema huyu ngosha, mwanaume mzima, muongo, lakini wanasikiliza.

Siku ambayo Bujiku alikuja kwake akiwa anamvuta ng'ombe kwa kamba, hakuna aliyecheka.

Bujiku boma lake lilikuwa hukohuko ng'ambo ya korongo. Mtu wa ng'ombe, mtu mkubwa, shingo nene, haongei sana. Alifika hajapiga hodi. Martina, mke wa Makoye, alikuwa uani anachambua mbegu za karanga, akapiga goti kidogo kumwamkia.

"Shikamoo baba."

"Sijaja kuamkiwa, mayu. Muite ngosha wako."

Kwa Wasukuma mtu akikataa salamu ya mama wa watu namna hiyo, ujue kaja na vita. Makoye akatoka ndani mswaki mdomoni, povu linamtiririka kidevuni.

"Wewe vipi? Kwenu hampigi hodi?"

"Hodi anapigiwa mtu. Mwangalie ng'ombe."

Makoye akamwangalia. Maksai mweusi, mzuri, wa jembe. Jicho la kulia limevimba kama embe bovu, linatoa maji, nzi wamejaa. Bujiku akakunjua kiganja chake. Katikati palikuwa na karisau kamoja, kale kapunje ka risasi ka ndani ya fataki ya shotigani, kadogo kama mtama.

"Daktari wa mifugo kakatoa humo jichoni jana. Jicho limekufa. Haka ni kako."

"Kana jina langu?"

"Makoye, usinifanyie utoto. Juzi asubuhi ulipiga shambani kwako. Ng'ombe wangu alikuwa ng'ambo pale, anakula majani mapya. Nilisikia mlio, nikasikia ng'ombe analia. Kijiji hiki nani mwingine ana shotigani?"

"Magobore yamejaa huko kwenye maduara, kwa wachimba dhahabu."

"Gobore linapakiwa vipande vya nondo. Haka ni kaduara. Nataka maksai. Jicho kwa jicho siwezi kukudai maana jicho lako halivuti jembe. Nataka Diwani."

Hapo ndipo Makoye alipotema povu. Diwani na Waziri ndiyo ilikuwa jozi yake ya maksai. Mvua ilishaanguka, ardhi imelainika, kila mtu anakimbizana na jembe kabla jua halijairudisha kuwa tofali. Umchukue Diwani, Waziri peke yake ni mapambo tu. Na ukikosa kulima mwezi huo, wewe na watoto wako mtakula nini mwakani? Mtakula stori.

"Diwani humpati," akasema. "Toka kwangu kabla sijaingia ndani kuichukua."

"Ichukue," Bujiku akamjibu. "Utoboe na la pili."

Basi, kesi ikaenda kwa sungusungu. Filimbi ikalia, wanaume wakajaa, kamanda wao Bartholomeo akakaa kwenye kigoda na fimbo yake. Huyu Bartholomeo aliwahi kuwa mgambo, mpaka leo akikaa anakaa kama kuna mtu anampiga picha. Akamsikiliza Bujiku, akamsikiliza Makoye, akasema kama ni kweli, ni maksai kwa maksai, hakuna mjadala. Na ukikaidi unatengwa. Kutengwa wanakujua. Hakuna kukuazima moto, hakuna kukusalimia, mtoto wako akiugua usiku unambeba mwenyewe, na siku ukifa unajizika.

"Haifiki!" Makoye akaruka. "Kamanda, kutoka shambani kwangu mpaka ng'ambo ya korongo, hii bunduki haifiki!"

Halafu mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, yule Sostenes muuza kahawa, kicheko chembamba kama cha mbuzi.

"Haifiki? Na yule kanga wa ng'ambo uliyemtwanga akaanguka chali? Mwaka mzima nakuuzia kahawa unanihubiria!"

"Ile ilikuwa stori!"

"Aaah! Kumbe stori!"

Watu wakamshangilia Sostenes kama kafunga goli. Makoye masikio yakamuwaka. Bujiku hakucheka hata kidogo, alikuwa anamwangalia tu kama mtu anayepima kamba.

"Basi tuipime," Makoye akasema, sauti ikapanda. "Abdul, yule wa duka la risasi kule Shinyanga mjini, alinifundisha. Kila bunduki ina mwisho wake. Unatundika karatasi, unachora duara, unapiga, unasogea nyuma, unapiga tena. Marisau yakishaanza kuachiana nafasi ya kanga kupita, hapo ndiyo mwisho. Njooni kesho wote. Mtaona mwisho wangu."

"Mwisho wako nitafurahi kuuona," Bujiku akasema.

Ukweli ni kwamba Makoye alikuwa hajawahi kuipima. Abdul alimwambia kila alipokwenda kununua fataki, na kila mara Makoye alimjibu najua bunduki yangu, nimeoa bunduki hii kabla sijaoa mke.

Asubuhi, wakati anakunywa uji, Martina akakaa mbele yake. Hakukaa pembeni, alikaa mbele.

"Baba Blessing. Mlipe yule mtu yaishe."

"Nimlipe kwa lipi?"

"Uliinua bunduki. Kanga waliruka, ukaifuata juu, ukapiga kuelekea kule. Nilikuwa napanda, niliona."

"Uliinama unapanda, macho yako yako kwenye mashimo, umeona nini?"

"Nimeona. Na ng'ombe nilimsikia na wewe ulimsikia. Ukaniambia twende nyumbani jua limekuwa kali. Jua gani saa moja?"

Makoye akaweka kikombe chini taratibu. Ni kweli alimsikia. Ni kweli aliinua. Na alichokuwa anakijua tangu jana, kilichomfanya alale vizuri kabisa, ni kwamba leo atapiga karatasi, na karatasi hairuki. Atapiga mtutu umelala sawa na ardhi. Ukipiga umelala, marisau yanakula vumbi kabla hata ya korongo. Ukiinua, hapo yanatembea.

"Sikia wewe mwanamke," akasema. "Ukifungua mdomo wako pale, urudi kwenu Nkome ukaanike dagaa. Hata leo. Nitakufungia mizigo mpaka na ndoo."

Martina akanyanyuka, akachukua kikombe chenye uji nusu, akaumwaga kwa kuku.

Watu walikuja kama mnadani. Wanawake wamebeba watoto, wazee na viti vyao. Bartholomeo alitoa mifuko mitupu ya simenti iliyobaki kwenye ujenzi wa darasa, wakaichana, wakaibandika kwa uji wa muhogo kwenye fremu za fito, kila fremu urefu wa mtu. Halafu Klara, mama mmoja mwenye maneno, akaleta ungo wake mkubwa, wakauweka juu ya karatasi wakauzungushia mkaa. Ndani ya duara Bartholomeo akachora kanga.

"Kamanda, huyo ni bata," Klara akasema.

"Ni kanga."

"Ana kichwa cha bata na makalio ya mwenyekiti."

Hata Bujiku alitikisa kidevu pale.

Fremu ya kwanza ikasimamishwa karibu, kwenye kichuguu. Makoye akaikunja bunduki, akatia fataki, akaifunga, akalenga. Mlio ukapasua asubuhi, watoto wakalia. Wakakimbilia karatasi. Duara zima limekuwa chujio, kanga wa Bartholomeo hana tena shingo.

"Huyo kafa," Sostenes akatangaza. "Huyo hata mchuzi hatoi."

Fremu ya pili ikaenda mbali zaidi, kwenye visiki. Makoye akapiga. Hapa tundu zilikuwa zimesambaa lakini zimelijaza duara. Kanga kapata kichwani, kapata kifuani. Wazee wakakubaliana kwamba huyo naye analiwa. Makoye akaanza kujisikia. Akavuta suruali juu, akapuliza moshi kwenye mtutu.

Fremu ya tatu ikapelekwa kwenye mgunga, karibu na ukingo wa korongo. Mlio. Wakaenda. Karatasi ilikuwa na tundu chache, moja huku, moja kule, nyingine nje ya ungo kabisa, na kati yake nafasi ambayo kanga na familia yake wangepita wameshikana mikono. Ndege wa kwenye karatasi alikuwa na kitundu kimoja, cha mkiani.

Hapo kijiji kilipasuka.

"Kang'olewa nyoya!"

"Makoye, umemchana nywele!"

"Bwana mkubwa, kumbe mwisho wako ni hapa tu? Mkeo anajua?"

Klara alikaa chini kwa kucheka. Makoye akasimama katikati yao, mashavu yameganda, anatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyaga mwiba. Kila neno lilimchoma. Bunduki ya baba yake, sifa zote za mwaka mzima, zimeishia kwenye mkia wa bata. Lakini ndani alikuwa anasema chekeni, chekeni sana, kila mnavyocheka Diwani anabaki zizini.

"Bado ng'ambo," akasema. "Wekeni ng'ambo nimalize."

Vijana wakavuka na fremu ya mwisho, wakaisimamisha palepale ng'ombe alipokuwa. Makoye akapiga, mtutu umelala sawa kabisa. Vumbi likatifuka ukingoni mwa korongo, upande wa huku. Vijana wakaikagua karatasi, wakainyanyua juu ya vichwa vyao. Nyeupe pee, haina hata tundu moja.

"Mmeona?" Makoye akageuka na mikono juu. "Kamanda, umeona? Mmenicheka, sawa. Mimi muongo, sawa, nimekubali mbele ya wake zenu. Bunduki yangu hata pale kwenye mgunga haiui. Sasa Bujiku akatafute mwenye jicho lake kule kwa wenye dhahabu."

Bartholomeo akasafisha koo, tayari kutoa hukumu. Bujiku akanyanyua mkono.

"Naongea, kamanda."

"Ongea."

"Huyu katuonyesha anapoishia kuua kanga. Mimi sikumdai kanga. Ng'ombe wangu hakufa, alitobolewa jicho. Karisau kamoja kakipotea njia kanatosha, wala hakahitaji ungo." Akamgeukia Makoye. "Unasema haifiki ng'ambo?"

"Haifiki. Kila mtu kaona."

"Basi kasimame pale."

"Wapi?"

"Pale. Alipokuwa amesimama ng'ombe. Kama haifiki unaogopa nini?"

Makoye akacheka peke yake. Akaangalia huku na huku, akaona nyuso zote zimemgeukia, hakuna hata moja iliyokuwa upande wake. Akapiga hesabu ya harakaharaka. Mtutu ukilala, hakuna kitu. Hata ukiinuka, ni vipunje vimechoka, vinaanguka kama dengu, ukiwa umefunika uso utahisi kama kuumwa na siafu. Na akikataa, kaisha.

"Nakwenda," akasema. "Apige kamanda."

"Kamanda ni binamu yako, atapiga miguu yake. Na mimi nikipiga watasema nimetaka kuua." Bujiku akanyoosha kidole. "Apige mama Blessing. Siku ile alikuwepo shambani. Apige kama alivyoona imepigwa."

Makoye moyo ukaruka ngazi moja, halafu ukatulia. Martina. Mwanamke aliyemwambia asifungue mdomo na hajaufungua. Atatetemeka, atapiga chini, kesi imeisha.

Bartholomeo akaanza, "Bunduki haishikwi na mtu asiye na kibali..."

"Kamanda," Martina akamkata, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika siku hiyo, "kibali hicho kiko kwenye sanduku langu, ufunguo ninao kiunoni. Nipe hiyo kitu."

Makoye akashuka korongoni, akapita kwenye tope mpaka magotini, akapanda ng'ambo. Akasimama mbele ya fremu nyeupe. Kutoka pale watu walikuwa wadogo, lakini alimwona Martina vizuri kwa sababu ya kitenge chake cha njano. Alikuwa kampa mgongo, ameinama na bunduki, na Bartholomeo kainama naye. Anaweka fataki. Makoye akainua mikono, akafunika uso.

"Shusha mikono!" Bujiku akaunguruma kutoka kule. "Ng'ombe wangu hakuwa na mikono ya kujifunika!"

Akaishusha. Akavuta pumzi.

"Piga!" akapaza sauti. "Piga mama Blessing! Haifiki!"

Martina akageuka. Akaweka kitako cha bunduki begani, kikatulia pale kama anabeba kuni tu. Mtutu ukamwangalia Makoye kifuani, umelala sawa na ardhi. Vizuri. Hapohapo. Makoye akatanua miguu, akaweka mikono kiunoni ili kijiji kione mwanaume.

Halafu mtutu ukaanza kupanda.

Ukapita kifua, ukapita kichwa, ukaenda juu kidogo, taratibu, kama vile kuna kanga ameruka kwenye karanga na yeye anamfuata. Ukasimama palepale ambapo yeye mwenyewe, asubuhi ile, alikuwa ameusimamisha. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anapajua pale. Makoye akaona mdomo wa mtutu, ule mduara mweusi, na juu ya mtutu jicho moja la mkewe, lile lingine limefumbwa.

"Hapana!" akapiga kelele. "Martina, hapana! Inafika! Inafika!"

Na kabla hajamaliza alishalala kifudifudi, uso kwenye majani, mikono imekumbatia kichwa, makalio yameangalia kijiji.

Hakukuwa na mlio. Akangoja. Akasikia nzi, akasikia ng'ombe wa mtu anakohoa mbali. Akainua kichwa. Martina alikuwa ameikunja bunduki katikati, ameingiza kidole chake kidogo kwenye tundu la fataki, anakizungusha ili watu wote waone. Mtupu. Bartholomeo alikuwa ameshika fataki mkononi, akairudisha kwenye mfuko wa shati.

Safari hii hakuna aliyecheka, na bora wangecheka.

Makoye akavuka korongo kurudi, tope limempanda mpaka tumboni. Watu wakampisha njia kama anavyopishwa mgonjwa. Akasimama mbele ya mkewe.

"Ungenipiga?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nenda kamfungue Diwani."

"Nimekuuliza, Martina. Ingekuwa na kitu ungenipiga?"

"Nimekwambia nenda kamfungue Diwani. Mtu anasubiri mali yake." Akamkabidhi bunduki kamanda, siyo yeye. "Na ukimaliza upitie kwa mama yako ukaombe jembe la mkono. La kwetu mpini umevunjika."

Bartholomeo akatamka hukumu kwa maneno mengi, ingawa hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Bujiku akaenda zizini mwenyewe. Diwani alikuwa amesimama na Waziri, wanatafuna, hawana habari. Bujiku akamtia kamba kwenye pembe, akavuta. Diwani akakita miguu. Akavuta tena, vijana wawili wakasukuma kwa nyuma, fimbo zikatembea. Diwani alikuwa hajawahi kwenda popote bila mwenzake upande wa kushoto. Alinguruma tu akamgeuzia kichwa Waziri.

Bujiku akaacha kamba, akajifuta jasho.

"Makoye. Njoo umswage ng'ombe wangu."

"Nimeshakupa. Mswage mwenyewe."

"Maksai niliyehukumiwa ni wa kufika bomani kwangu, hajafika. Kamanda, kafika?"

"Hajafika," Bartholomeo akasema.

Basi Makoye akamshika Diwani kamba, akamwita kwa jina, akampiga kofi lile analolijua la mgongoni, na Diwani akatembea. Akamfuata mwenyewe kama kawaida, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha jembe tangu akiwa ndama. Wakashuka korongo, wakapanda, kijiji kizima nyuma yao, Waziri huku nyuma analia zizini mpaka sauti ikakatika.

Walipofika kwenye boma, Bujiku hakusema karibu. Mkewe alikuwa mlangoni, hakusalimia.

"Funga pale," Bujiku akasema.

Pale ilikuwa kando ya yule maksai mweusi. Makoye akafunga fundo. Akalifungua akalifunga tena. Yule mweusi alisikia mtu upande wa jicho lililokufa, akashtuka, ikabidi azungushe shingo nzima mpaka jicho lake zima likamfikia Makoye, akamwangalia, halafu akageuka kunusa mwenzake mpya.

"Umeshafunga," Bujiku akasema. "Toka kwangu."